Wenye Nyoyo Nzito na Wajibu Wetu Kwao

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi na akaumba na dawa yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyekuwa akimuuliza asiyeonekana na akimzuru aliye mgonjwa, na ziwashukie Aali zake na Sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, tumeazimu kulisema waziwazi jambo ambalo katika miji yetu ya pwani husemwa kwa kunong'onezana, nalo ni maradhi ya huzuni. Hatukusudii huzuni ya matanga, ambayo kila aliyefiwa huipata kisha ikapungua kidogo kidogo. Twakusudia ile inayomkalia mtu mwezi baada ya mwezi, akakosa ladha ya chakula, akakosa usingizi au akalala mchana kutwa, akajiona hafai kitu, na mwisho akaona afadhali asingalikuwa hai. Twakusudia pia maradhi ya yule ambaye moyo wake mara hupanda, akanena pasi na kukoma na kutoa mali yake ovyo na kukesha bila kuchoka, kisha ukaporomoka akawa hawezi hata kuinuka kitandani.

Watu wa namna hii wamo majumbani mwetu. Tukiwa wakweli wa nafsi zetu, kila mtaa una mmoja ambaye nyumba yake hufungwa mlango wageni wakija. Nasi tumezoea kuwaambia maneno matatu. La kwanza twasema, "Ana pepo," tukampeleka kwa mganga, akavukizwa na kufungwa hirizi na kutozwa mbuzi. La pili twasema, "Hana imani, angalikuwa na imani asingalihuzunika." La tatu twasema, "Ajitia tu, aache uvivu." Maneno haya matatu hayajamponya mtu hata mmoja, lakini yamewanyamazisha wengi, na miongoni mwa walionyamaza wamo waliokufa na siri zao.

Tuanze na lile la imani, kwani ndilo linalosemwa kwa jina la dini na ndilo linalochoma zaidi. Ni nani aliyekuwa na imani kumshinda Nabii Yaakub (A.S.)? Naye Kurani yatueleza kuwa alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Na jamaa zake walipomwona hivyo hawakukaa naye. Walimlaumu kwamba hataacha kumtaja Yusuf mpaka aangamie. Basi mwenye kumwambia mgonjwa wa huzuni kuwa hana imani, na ajue kuwa amefuata mwendo wa wale waliomlaumu Nabii, wala hakufuata mwendo wa Nabii. Na Bibi Maryam (A.S.), katika uchungu wa uzazi na upweke, alitamani lau angalikuwa amekufa kabla ya hayo. Na Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, wanahistoria wa Kiislamu waliuita mwaka huo Mwaka wa Huzuni. Huzuni, basi, haimtoi mtu katika imani. Ni mtihani unaompata mwenye imani kama homa inavyompata.

Tumemtaja Nabii Yaakub kwa sababu maalumu. Huzuni yake haikuwa ya kufiwa. Ilikuwa ya kupotelewa. Hakumzika Yusuf, wala hakujua yuko wapi. Na katika nchi yetu hii ya Kenya wako watu wengi walio katika hali hiyo hiyo, na mahali pamoja ni Cheptais, katika miteremko ya Mlima Elgon, kaunti ya Bungoma, karibu na mpaka wa Uganda. Toka Mombasa hata huko ni safari ya zaidi ya kilomita 800, na wengi wetu hatujawahi kufika, lakini yaliyowapata watu wa huko yatupasa kuyajua.

Ugomvi wao ulikuwa wa ardhi, juu ya mashamba ya makazi ya Chebyuk. Kuanzia mwaka 2006 kundi lenye silaha, lililojiita jeshi la kuitetea ardhi ya Wasabaoti, liliua watu, likawakata watu masikio, likawatoza wanyonge kodi na kuwachukua vijana kwa nguvu. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu kuwa kundi hilo liliua watu zaidi ya 600. Kisha mwezi wa Machi mwaka 2008 serikali ilipeleka jeshi katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Wanaume kwa maelfu walikamatwa, wengi wakapelekwa kambi ya Kapkota, na tume na mashirika ya haki za binadamu yakaandika habari za mateso na za watu waliochukuliwa wasirudi. Kwa hivyo katika mlima ule yuko mwanamke ambaye mumewe alichukuliwa na waasi, na jirani yake ambaye mumewe alichukuliwa na askari, na wote wawili hawana kaburi la kuzuru. Je, ahesabiwe mjane, au ahesabiwe mke? Avunje matanga, au angoje? Bunduki zilinyamaza mwaka 2008, lakini swali hili halikunyamaza katika nyoyo za watu.

Wala tusidhani kuwa hayo ni ya bara peke yake. Hapa pwani nako wako mama ambao vijana wao walichukuliwa hawakuonekana tena, nao huitikia salamu kwa midomo na nyoyo zao ziko mbali. Mama wa Cheptais na mama wa Majengo hawajuani, wala dini yao huenda si moja, lakini ugonjwa wao ni mmoja.

Sasa tuulize: nini kinachowasaidia watu kama hawa? Dawa ya hospitali ina mahali pake, na tutaitaja. Dua na Kurani zina mahali pake, na hapana Mwislamu anayelikanusha hilo. Lakini kuna jambo la tatu ambalo tumelipuuza, nalo ni kukaa pamoja wenye maradhi ya namna moja, wakasikizana na kufarijiana na kufunzana namna ya kuishi. Wahenga wetu walilijua jambo hili waliposema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayekwambia "vumilia," naye hajapata kukesha usiku mmoja kwa hofu isiyo na jina, maneno yake hupita juu ya kichwa chako. Lakini anayekwambia, "Nami nilikuwa hapo ulipo, na leo naweza kula na kulala," huyo maneno yake huingia, kwani ni shahidi wa aliyoyaona.

Wala hili si dhana tupu. Mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, ambako ukimwi ulikuwa umeua watu wengi, wataalamu waliwauliza wenyeji juu ya huzuni zao. Wakaambiwa ugonjwa wenye jina la Kiganda, okwekyawa, maana yake mtu kujichukia nafsi yake. Basi katika vijiji 30 waliwatafuta wenye huzuni kubwa. Katika vijiji vingine wakaunda vikundi vya kukutana mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 16, na vingine wakaviacha kama vilivyokuwa ili walinganishe. Wanaume walikaa na wanaume, na wanawake na wanawake. Wasimamizi hawakuwa matabibu. Walikuwa wenyeji waliofunzwa kwa muda mfupi, wa jinsia moja na wale waliowasimamia. Mwanzo, katika kila watu 100 wa vijiji vya vikundi, 86 walikuwa na maradhi ya huzuni. Mwisho walibaki kiasi cha 6 au 7. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi, toka 94 walibaki kiasi cha 55. Mwenye akili na azipime hesabu hizi.

Na katika kaunti ile ile ya Bungoma, watoto waliofiwa na wazazi walikusanywa katika vikundi, pamoja na wenzao wa Moshi huko Tanzania, watoto 640 kwa jumla, nusu wakipata msaada wa vikundi na nusu msaada wa kawaida. Walioongoza vikundi walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa, na walezi wa watoto nao walihusishwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020, na faida yake ilionekana wazi kwa watoto wa Bungoma. Kazi hiyo iliendelezwa huko mashuleni na vijijini kwa jina la Kiswahili, Pamoja Tunaweza. Bungoma pia yana makao yake Mwatikho, chama cha walionusurika na mateso, ambacho kwa miaka mingi kimewapa watu wa namna hiyo ushauri na mahali pa kusemea. Na mji wa Nairobi una chama cha watu waliopitia maradhi ya akili wenyewe, USP-Kenya, kilichoanzishwa mwaka 2007, ambacho wanachama wake hukutana katika vikundi, kila mmoja akimshika mkono mwenziwe.

Huko Harare, Zimbabwe, mwaka 2006 tabibu mmoja, Dixon Chibanda, alianza na mabibi 14, wakakaa juu ya mabenchi nje ya zahanati, wakiwasikiliza waliolemewa na fikira. Aliyekwisha kusikilizwa hualikwa katika kikundi cha wenziwe, na huko hushona na kuzungumza. Sisi watu wa pwani, tulio na baraza za mawe milangoni mwetu tangu enzi za mababu, tunastaajabu tukisikia watu wametibiwa juu ya benchi! Baraza tunazo. Tuzungumzayo juu yake ni bei ya samaki, na mpira, na siasa, na aibu za majirani. Ama yaliyo moyoni mwa mtu, hayo huondoka nayo kama alivyokuja nayo.

Huenda msomaji akasema: hayo ni mambo ya Wazungu na ya watu wa bara; katika dini yetu yako wapi? Twamjibu kuwa yako tangu siku ya kwanza. Mtume (S.A.W.) aliposhuka toka pango la Hira akitetemeka, hakuificha hofu yake. Alimwendea mkewe, Bibi Khadija (R.A.), akataka afunikwe, kisha akamweleza kuwa anaihofia nafsi yake. Naye Bibi Khadija alifanya mambo matatu kwa mpango: alimfunika na kumngoja atulie, akamkumbusha wema wake, namna anavyowaunga jamaa na kuwabeba wanyonge, kisha akamchukua kwa mwenye elimu, Waraka bin Naufal. Alisikiza, akafariji, akapeleka kwa anayejua. Kikundi chema cha wagonjwa hakifanyi zaidi ya haya matatu.

Na zizingatieni habari za Thabit bin Kais (R.A.). Sauti yake ilikuwa kubwa kwa maumbile, na iliposhuka aya ya kukataza kupaza sauti mbele ya Mtume, alijiona ameangamia, akajifungia nyumbani kwake, akainamisha kichwa, akiamini kuwa yeye ni mtu wa motoni. Mtume hakungoja aje. Aliona nafasi yake iko tupu, akauliza habari zake, mtu mmoja akaenda kumtazama, akarudi na habari, kisha akatumwa tena kumpelekea bishara kuwa yeye ni mtu wa Peponi. Je, sisi katika misikiti yetu twazihesabu nafasi zilizo tupu? Mtu hukosa Magharibi na Isha wiki tatu, nasi twasema ameacha swala, na huenda yuko chumbani mwake ameinamisha kichwa kama Thabit.

Na Salman Alfarsi alipomzuru nduguye Abu Dardai, akamwona amejinyima chakula na usingizi na amemsahau mkewe, hakumhutubia kwa mbali. Alikaa naye, akakataa kula mpaka mwenziwe ale, akamlaza usiku, akamwamsha mwisho wa usiku wakaswali pamoja, na akamkumbusha kuwa nafsi yake ina haki juu yake. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) alisema kuwa Salman amesema kweli. Huo ndio udugu aliouunganisha Mtume huko Madina.

Kuna watakaotutolea hoja, na ni wajibu tuzijibu.

Hoja ya kwanza: kuwaeleza watu huzuni zako ni kumshitaki Mwenyezi Mungu kwa viumbe. Twasema si hivyo. Kunung'unikia kadari ya Mola ni jambo moja, na kueleza maradhi ili upate msaada ni jambo jingine. Mgonjwa amwelezaye tabibu mahali panapomuuma hajamshitaki Mola wake.

Hoja ya pili: siri zitatoka, na aibu itaingia nyumbani. Hoja hii ina nguvu, kwani ndimi za mitaani mwetu twazijua. Lakini dawa yake ni kuilinda amana, wala si kuvifunga vikao. Tumefunzwa kuwa vikao ni amana, na mwenye kuitoa siri ya kikaoni ni mhaini. Kikao kianze kwa ahadi hiyo, na atakayeivunja atolewe bila ya kuonewa haya. Tena waliosema mficha maradhi kilio humfichua hawakukosea. Aibu tunayoikimbia leo kwa kunyamaza huja kesho na jeneza.

Hoja ya tatu: watu watachanganyika wanaume na wanawake. Mfano wa Masaka watosha kuijibu, na wanawake wetu wamekuwa wakikaa peke yao kwa kisomo na kwa harusi tangu zamani.

Hoja ya nne ni ya waganga, nao watasema kuwa haya ni mashetani na kazi hii ni yao. Twawaambia kuwa wanavyuoni wetu waliyapambanua mambo haya zaidi ya miaka elfu iliyopita. Abu Zaid Albalkhi, aliyekufa mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaigawa huzuni mafungu mawili: ile yenye sababu ijulikanayo, na ile isiyo na sababu ijulikanayo ambayo asili yake i mwilini, na akaitajia kila moja tiba yake. Na Sultani Kalaun alipojenga hospitali yake kubwa Kairo mwaka 1284, wagonjwa wa akili nao waliwekewa mahali pao pa kutibiwa. Babu zetu katika dini walijenga hospitali, na sisi twanunua ubani na mbuzi mweusi!

Walakini tusipindukie mpaka. Kikundi hakichukui mahali pa tabibu. Mwenye kukesha siku nyingi pasi na kuchoka, au anayesikia sauti asizozisikia mwingine, au anayesema kuwa ataka kufa, huyo apelekwe hospitali mara moja, na asiachwe peke yake hata kwa saa moja. Mombasa ina matibabu hayo Port Reitz. Aliyepewa vidonge asiviache kwa kuwa mwanakikundi mwenziwe aliviacha, na mwenye kumwambia avitupe ategemee maji ya kombe peke yake amebeba dhima nzito mbele ya Mola.

Na kwa kuwa tumetaja kufa, tuseme neno moja zaidi. Sheria ya nchi, kifungu cha 226 cha kanuni za jinai, kwa miaka mingi ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa hukumu kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba. Dini yetu imeharimisha mtu kuiua nafsi yake, na uharamu huo haubadiliki kwa hukumu ya mahakama. Lakini kuharimisha tendo si ruhusa ya kumtesa mgonjwa. Aliyeokolewa kisimani hapigwi. Hufunikwa nguo kavu. Na aliyekwisha kufa kwa njia hiyo, madhehebu yetu ya Shafii ni kuwa huoshwa na kuswaliwa na kuzikwa pamoja na Waislamu. Basi wale wanaowafungia wafiwa milango na kuwanyima hata tanzia, wameitoa wapi sheria yao?

Sasa twaja kwenye tendo, kwani maneno bila tendo ni upepo. Twapendekeza kila mtaa uanze na kikao kimoja cha wanaume na kimoja cha wanawake, watu sita hadi kumi, wala wasizidi. Wakutane siku moja kwa wiki, saa ile ile, mahali pale pale, baada ya Alasiri, kwa muda wa miezi mitatu au minne. Msimamizi awe mtu mtulivu aliyefunzwa na wauguzi wa hospitali, na ikiwezekana awe amepata maradhi haya naye akapona au akayazoea. Kila mtu asikizwe bila kukatizwa. Pasiwe na waadhi wakati mtu anaposema. Waadhi una wakati wake. Kila mmoja aondoke na jambo moja dogo la kutenda wiki hiyo: kutembea mpaka ufukweni, kumzuru shangazi, kurudi swala ya jamaa. Asiyekuja azuriwe kesho yake, kama alivyozuriwa Thabit. Na asiulizwe mtu kabila lake wala dini yake akija mlangoni, kwani mwenye kuumwa ana haki ya kupokelewa.

Gharama ya haya yote ni mkeka na birika la chai. Tumetoa zaidi ya hayo kwa waganga.

Ewe Mola wetu, uliyemrudishia Yaakub macho yake na mwanawe, warehemu wote walio katika kungoja, wa mlimani na wa pwani. Wape subira wasio na kaburi la kuzuru. Wafungulie walioinamisha vichwa vyao vyumbani mlango wa faraja, nasi utujaalie tuwe miongoni mwa wanaobisha mlango huo kwa upole. Amin.